Kimya cha Mzee Nozo

Baba mkwe wangu hawezi kusikia gari likipita bila kutaja ugonjwa wake. Jioni tunakaa kibarazani, mimi na cherehani yangu, yeye na kiti chake cha mbao ambacho mguu mmoja umefungwa waya. Lori linapanda mlima, naye bila kuinua macho anasema, "Huyo nozo moja imelala." Linakuja jingine. "Huyo anakunywa oili kama maji. Tazama moshi wake, wa buluu." Namwambia, "Baba, waache watu wafike salama wanakokwenda." Anacheka kwa pengo lake la mbele, kisha anasubiri linalofuata.

Ndiyo maana mtaani wanamwita Mzee Nozo. Nozo ni kile kidude kinachopuliza dizeli ndani ya injini, na yeye ameishi na vidude hivyo mkononi tangu ujana wake, anavifungua, anavisafisha, anavirudisha. Hata mwanawe, ambaye ndiye mume wangu, akikoroma sana, asubuhi mzee hukohoa kidogo na kuniuliza kama nimeshamwangalia filta ya hewa.

Alihamia kwetu baada ya mama mkwe kufariki. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na sanduku la spana ambalo wanaume wawili walilibeba wakihema. Nguo nilizipanga kabatini. Sanduku alilisukuma mwenyewe chini ya kitanda, na nadhani angeweza angelala nalo kifuani. Chumba chake ni kile cha nyuma, dirisha linatazama kamba ya kuanikia nguo, na nikideki kwa sabuni yoyote ile kinanukia dizeli. Mwanzoni nilinung'unika. Siku hizi nikirudi sokoni nikaikosa ile harufu mlangoni, moyo unashtuka, naanza kumwita.

Mimi ni mtu wa kusema. Walionioa walijua, na aliyesahau nimemkumbusha. Kwa hiyo nasema wazi kwamba nampenda yule mzee, na kwamba kuna wakati nilitamani kumpiga na mwiko.

Akiitwa kwenye injini iliyogoma, hashiki spana. Anatafuta pa kukaa, anamwita dereva, anamhoji kama daktari. Ilizima ghafla kama taa, au ilisinzia kwanza? Moshi ulikuwa mweusi, mweupe, au haukuwepo? Ilikuwa na mzigo? Uligusa nini kabla sijaja? Hilo la mwisho huliuliza mara mbili, kwa sababu, anasema, hakuna dereva aliyewahi kulijibu sawasawa mara ya kwanza. Injini hufunguliwa ukishaishiwa maswali. Ndivyo anavyofanya kazi, na mara nyingi huondoka bila kufungua kitu kikubwa kuliko skrubu.

Akishalipata jibu, hulisema. Hapo ndipo penye shida.

Zamani, mume wangu bado anavaa kaptula ya shule, mzee alikuwa na rafiki, dereva wa mashine nzito kama zile alizozitengeneza yeye. Walikula sahani moja. Siku moja mashine ya rafiki ikafa pampu. Mzee akaifungua, akakuta imekaangwa na mafuta ya taa. Rafiki alikuwa akiuza dizeli na kujazia mafuta ya taa mahali pake. Mwenye mashine akauliza, "Fundi, ni nini?" Mzee akajibu, "Ni mafuta ya taa. Mwulize dereva." Basi. Maneno hayo tu, na nyumba ya mtu ikazimika jiko. Mke wa rafiki alikuja mpaka mlangoni akalia na kulaani mpaka sauti ikamkauka. Mama mkwe akawa hasalimiwi bombani. Mume wangu alipigana shuleni mpaka shati likabaki kola, kwa sababu watoto walimwita mwana wa mchongezi.

Alipokua aliapa hatashika spana. Akajifunza kuendesha. Mzee chini ya mashine, yeye juu ya kiti. Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Wangu wanakaa, na anayepita katikati yao na sahani za chakula ni mimi.

Mume wangu anaendesha ekskaveta, ile mashine ya kuchimba yenye mkono mrefu, ambayo watu huiita kijiko. Yake ni kuukuu. Rangi imeliwa na jua, kioo cha upande mmoja ni kipande cha turubai, na wachimbaji wameipachika jina, Bibi. Inafanya kazi kwenye machimbo ya kokoto nje kidogo ya mji. Mume wangu anaipenda kuliko inavyostahili. Kabla ya kuiwasha huifuta vumbi, anaitia grisi maungo yote, na nimewahi kumkamata akiisemesha.

Msimu huu waliuleta mtambo wa kusaga mawe karibu kabisa na pale Bibi inapochimba. Vumbi likawa unga. Mume wangu akirudi nyumbani ana nyusi nyeupe kama mwoka mikate. Na hazikupita siku nyingi Bibi ikaanza vituko. Inawaka vizuri, inachimba, inajaza malori, halafu jua likishapanda inaanza kulegea. Unaikanyagia, haipandi. Inatetemeka, inazima. Ukiipumzisha kitambo inawaka kama hakijatokea kitu, inafanya kazi kidogo, inazima tena.

Wakabadilisha filta za dizeli. Wakatoa hewa kwenye mabomba, kazi ya kupampu kwa dole gumba mpaka dole linavimba. Wakakung'uta filta ya hewa. Bibi ikanguruma, watu wakapiga makofi, na kabla ya chakula cha mchana ikalala.

Mwenye mashine, ambaye wote humwita tajiri ingawa visigino vya viatu vyake vimelika upande mmoja, alikuwa na maelezo yake. Mashine inayopona ikipumzika, alisema, ni mashine ambayo dereva wake anataka kupumzika. Au ni dereva anayefyonza dizeli na kuongezea anachojua mwenyewe. Akanunua kufuli, akafunga kifuniko cha tangi, ufunguo akauweka pamoja na funguo za gari lake. Asubuhi anafungua, anakaa garini na vioo juu asile vumbi, mume wangu anajaza na kufunika, kisha yeye anakuja kupiga kufuli. "Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mume wangu mbele ya wachimbaji wote.

Mume wangu alinisimulia hayo akiwa amekaa kitandani, buti moja mguuni, nyingine mkononi. Hakuivaa wala kuiweka chini mpaka nilipomnyang'anya.

"Unaiba?" nikamwuliza. Mke lazima aulize.

"Siibi."

"Basi mwite baba aje aiangalie."

"Simwiti."

"Kwa nini?"

"Unamjua. Akikuta kosa langu, hata liwe dogo kama kiroboto, atalisema kwa tajiri. Alimsema rafiki yake wa kufa na kuzikana, atashindwa mimi?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Ndiyo nikilete hicho kifo kwa miguu yangu?" akasema, akalala akiwa ameugeukia ukuta.

Na mzee? Kati ya chumba chake na chetu kuna tofali moja. Kila neno alilisikia. Malori yakipita anatoa hukumu zake kama kawaida, lakini habari ya Bibi hakuigusa. Jamani! Mtu anayetibu magari ya watu asiowajua, tena bila kuombwa, anamwacha wa damu yake azame! Nilikasirika nikaona nitapasuka. Nikajua ni kiburi. Anataka mwanawe amwendee kwa magoti, akiri kwamba kiti si kitu mbele ya spana.

Nikajaribu ujanja. Mume wangu kaenda kuoga, nikampakulia mzee, nikasema kama mtu anayezungumza na sufuria, "Ati inasinzia kwanza, ndipo izime."

Akaacha kutafuna. "Moshi?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa."

Akatafuna kidogo. "Ile pampu ya mkono, wakiibonyeza ikishazima, ni laini au inavuta nyuma?"

"Mimi nashona nguo, baba. Mwulize dereva wake, huyo anatoka bafuni sasa hivi."

Nilidhani nimemnasa. Alinitazama, nikaona mdomo unataka kufunguka, kisha akaisukuma sahani. "Chumvi imezidi," akasema. Chumvi ilikuwa sawasawa. Nilipakua tena nikaila yote mimi, kwa hasira.

Tajiri akatoa neno la mwisho. Ameshampata mnunuzi wa vyuma chakavu. Bibi ikizima tena wiki ile, itakatwa vipande iuzwe kwa uzito, na dereva akafanyie ujanja wake pengine. Kwa umri wa mume wangu, tena na sifa ya wizi ikimtangulia, ni nani angempa mashine nyingine? Nilishona pindo la gauni la watu usiku ule likaenda upande, nikalifumua.

Asubuhi wote wawili wakiwa kwenye chai, nikatua birika mezani kwa kishindo.

"Katika nyumba hii kuna fundi wa dizeli na kuna dizeli iliyogoma," nikasema, "na wanakunywa chai meza moja. Wewe unaogopa aibu. Haya, aibika! Bora aibu kuliko njaa. Na wewe baba, heshima yangu kwako iko palepale, lakini ukinyamaza na leo, kesho chai utajichemshia."

Mume wangu alitazama ndani ya kikombe kana kwamba kuna mtu humo. "Baba," akasema mwishowe, "naomba uje uiangalie mashine."

Nilitegemea mzee atatabasamu, ameshinda. Hakutabasamu. Aliinuka polepole mno, kama mtu aliyepelekewa habari ya msiba, akaenda kuvuta sanduku. Mlangoni akageuka.

"Uligusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Uligusa nini?"

"Nimekwambia, baba, sijagusa."

Nilikwenda nao. Nani angebaki? Binti yangu nikamwacha kwa jirani, nikabeba kapu la chakula ili nionekane nina kazi.

Machimbo ni shimo kubwa jeupe, na watu ndani yake ni weupe, na hata kunguru wa pale ni wa kijivu. Tajiri alikuwa garini, mlango wazi, mguu mmoja nje. Alipomwona mzee alishuka.

"Shikamoo, Mzee Nozo. Wewe nakufahamu. Wewe ulimtaja hata rafiki yako. Sasa sikia. Ukisema ni pampu, nitanunua pampu. Ukisema ni uzee, nitaikata. Ukisema ni huyu," akamwonyesha mume wangu kwa kidevu, "atashuka leo hii, na wewe ndiye shahidi wangu."

"Marahaba," mzee akajibu.

Akataka Bibi ichimbe kama siku zote. Yeye akapindua ndoo, akakaa karibu na injini, macho amefumba, vumbi likimwangukia mpaka kofia na masharubu vikawa rangi moja. Baadaye akainuka, akapitisha kidole kwenye viungo vya bomba la dizeli akitafuta unyevunyevu. Pakavu. Wakati malori yanabadilishana, akafungua koki ndogo chini ya filta, akakinga dizeli kidogo kwenye glasi, akaiinua juani. Safi, haina maji. Akainusa. Akainusa tena, amefumba macho. Halafu akapumua kwa nguvu na mabega yakamshuka, na mimi nikajiuliza mzee kapata nini humo cha kumfurahisha.

Jua lilipopanda, Bibi ikaanza. Sauti ikapungua, mkono ukasita hewani na mawe yake, mashine nzima ikatetemeka, ikazima. Wachimbaji wakaguna. Mume wangu alibaki kwenye kiti, mikono bado imeshika vishikio visivyofanya kazi. Tajiri akamwangalia mnunuzi wake wa vyuma, yaani aliiangalia simu yake.

Mzee hakukimbilia kufungua kitu. Aliishika ile pampu ya mkono, akaivuta. Ikamvuta na yeye. Akaivuta tena.

"Mafuta yapo," akasema peke yake, "na yanataka kuja. Kuna kinachoyashika huko yanakotoka." Akamgeukia tajiri. "Ufunguo wa tangi."

"Tangi limejaa. Nimesimamia mwenyewe."

"Sikuuliza kama limejaa."

Tajiri akautoa. Simu yake ikalia, akasogea kando akizungumza kwa ile sauti ya mtu anayeuza. Mzee akapanda ngazi ya mashine, mimi nyuma yake mikono juu, asije akaniangukia. Mume wangu akatoka kwenye kibanda chake akaja. Mzee akafungua kufuli, akazungusha kifuniko kidogo tu, robo.

Tangi likavuta pumzi. Nilisikia kwa masikio yangu haya, fyuuuu, ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

"Washa," mzee akasema.

Mume wangu akarudi kwenye kiti, akawasha. Bibi ikasitasita, ikakohoa, ikanguruma. Akaiacha ikiunguruma, akarudi kwetu. Mzee alikuwa ameshakivua kifuniko na kukipindua. Ndani yake, juu ya kile kitundu kidogo cha kupitishia hewa, palikuwa na nailoni ya kufungia mkate, imekunjwa mara mbili, imebanwa na duara la mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kazi safi, haina hata ukingo uliopinda. Niliitambua ile mikono. Ndiyo iliyonikatia mkanda wa cherehani.

Mzee akasema kwa sauti ya chini, ikabidi tuiname. Dizeli ikitoka tangini, lazima hewa iingie ishike nafasi yake. Kitundu kikizibwa, tangi linabanwa, pampu inavuta, inavuta, mwisho inashindwa. Ukiiacha ikae, hewa inapenya kidogokidogo pembeni, mashine inawaka tena. Asubuhi hamwoni kitu kwa sababu usiku kucha limekuwa likipumua kwa shida.

"Nani ameweka?"

"Mimi," mume wangu akasema. "Walipoleta mtambo. Vumbi lilikuwa linaingia."

"Nilikuuliza uligusa nini. Mara mbili."

"Hiyo si kugusa, baba. Hiyo ni kutunza! Si wewe uliyekuwa unasema, tangu mimi mdogo hivi? Vumbi ni sumu ya dizeli. Funga tangi, funga chupa, funga hata kopo tupu. Ulinichapa kwa kuacha kopo wazi. Umesahau?"

Mzee aliikunja ile nailoni na mpira wake, akavifumbata kiganjani.

"Haya, fundi!" Tajiri alikuwa chini yetu, simu imeshaingia mfukoni. "Naisikia. Ni nini?"

Ilikuwa rahisi mno. Kifuniko kimeziba, vumbi la mtambo, kwaheri. Nani angebisha? Wala usingekuwa uongo hasa, ungekuwa ukweli uliovua viatu ili usisikike ukipita. Niliomba kimoyomoyo, nikamwomba Mungu na nikamwomba mama mkwe aliyeko kaburini, mzibeni mdomo huyu mzee, leo tu, siku moja katika maisha yake. Mume wangu hakuomba. Alikuwa anamtazama baba yake tu, na uso wake ulikuwa wa mtoto.

Mzee akashuka ngazi. Alipofika chini akafungua kiganja.

"Ni hii. Ilikuwa imeziba hewa ya tangi. Ameiweka dereva."

Wee! Nilishika chuma cha ngazi, kinaunguza kwa jua, na sikukiachia. Ukatili gani huu? Mtu anazaa, analea, halafu anamtoa mwanawe kama anayetaja bei ya nyanya!

Tajiri akamgeukia mume wangu. "Si nilisema?"

"Sijamaliza," mzee akasema.

Hakupandisha sauti, lakini wachimbaji waliokuwa wanazungumza wakanyamaza.

"Dizeli yako nimeiona juani na nimeinusa. Ni dizeli tupu. Haikuongezwa kitu. Mabomba makavu, maungo yana grisi. Nimefanya kazi hii umri wangu wote na mashine kuukuu iliyotunzwa hivi sijaiona. Kile kitundu alikiziba kuzuia vumbi. Aliyemfundisha kuzuia vumbi ni mimi, kwa fimbo. Sikumfundisha kwamba tangi nalo linapumua. Nilifundisha nusu, nikaacha nusu. Kwa hiyo ukitafuta mkosaji, tuko wawili. Ukitafuta mwizi, hapa hayupo."

Tajiri akaichukua ile nailoni, akaigeuza huku na huku. Angesema hayo mtu mwingine, nadhani angemcheka. Lakini alikuwa amemfanya mzee shahidi wake mbele ya kadamnasi, na shahidi alikuwa amemtaja mwanawe kabla ya kumtetea. Utamwambia nini mtu kama huyo? Alijikuna shingo.

"Nailoni ya mkate," akasema. "Na mimi nikaja kuipigia kufuli juu, isitoke!"

Mchimbaji mmoja akacheka, wakafuata wengine, na mwisho tajiri mwenyewe akacheka, bila kupenda. Kisha akamwambia mume wangu, "Malori yanangoja. Panda." Hakumwomba radhi. Watu wa namna ile hawaombi radhi, wanakurudishia kazi.

Mzee akaniomba kitambaa chepesi. Nikakata pembe ya kile cha kufunikia chakula, akakifunga juu ya kifuniko, kinachozuia vumbi na kuacha hewa, akamwonyesha mwanawe jinsi ya kukibadilisha. Bibi ilichimba mchana kutwa. Jua lilipanda, likapinduka, nayo haikukohoa hata mara moja. Nilikaa kwenye ndoo ya mzee nikaitazama mpaka shingo ikaniuma.

Tulirudi jioni kwa miguu, mume wangu amebeba sanduku begani. Kazi imebaki, jina limesafishwa, na bado lile neno "ameiweka dereva" lilinichoma kama mwiba. Tulipofika kwenye kalavati karibu na nyumbani, mume wangu akatua sanduku.

"Baba," akasema. "Ungeikuta ile dizeli ina mafuta ya taa, ungesema?"

Nilitamani kumziba mdomo. Kuna maswali ambayo mtu huyaacha yalale.

Mzee alisimama. "Ningesema," akajibu.

Mume wangu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alichokitarajia, akainama kushika sanduku tena.

"Ningesema," mzee akarudia, "na wewe usingekuwa mwanangu tena. Hilo nalijua. Kwa hiyo sikuja. Kila jioni nakusikia ukutani ukimweleza mkeo, inasinzia, haina moshi, ikipumzika inapona, na nilijua pa kutazama. Ningeweza kukwambia palepale, kalegeze kifuniko. Lakini nilijiambia, nikishatia mkono, nitaulizwa. Na tangini naweza kukuta chochote. Niliogopa, baba. Niliona heri ufukuzwe kazi mimi nisijue."

Na mimi niliyekuwa naapa ni kiburi! Nilisimama na kapu langu nikaona haya mpaka masikioni.

Mume wangu hakuliinua sanduku. Alilikalia, palepale kando ya barabara, akajifunika uso kwa mikono yake iliyojaa vumbi jeupe.

"Kwa hiyo ulidhani naiba," akasema humo ndani ya viganja.

Ningekuwa mimi ningesema hapana. Mama yeyote angesema hapana. Mzee alitafuta pa kushika, hapakuwepo, akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe.

"Nilidhani," akasema. "Nisamehe."